Mpira na Mswaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za jarida letu niseme machache juu ya jambo ambalo, muda wote niliokuwa shuleni, sikumsikia mtu akilitaja, wala mimi mwenyewe sikulifikiri. Jambo lenyewe ni uhusiano uliopo kati ya michezo na afya ya kinywa. Najua wengine watacheka wakiona kichwa cha habari hii. Watasema, "Mpira huchezwa kwa miguu, meno yameingiaje hapo?" Siwalaumu, maana mimi nami nilikuwa mmoja wa wachekaji. Lakini kwa sababu ya ujinga wangu rafiki yangu alipoteza jino ambalo labda lingeokoka, na yafaa nianze kwa kukiri habari hiyo kabla sijamshauri mtu mwingine yeyote.

Ilikuwa mwaka wa 2017. Tulitoka Kasese asubuhi kwenda Bwera kucheza mpira na shule moja ya huko. Wanaoijua njia ile wanajua na joto lake. Unashuka kusini katika tambarare mpaka Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, kisha unageuka magharibi kupita Kisinga mpaka Bwera, na muda wote milima ya Rwenzori iko mkono wako wa kulia. Mimi nilikuwa kapteni. Nilijiona mtu mkubwa sana siku ile, maana Bwera ni kwetu, na ndugu zangu wengi walikuja kutazama.

Katika kipindi cha pili mpira wa kona ulipigwa. Mlinzi wetu wa kati, rafiki yangu mkubwa, akaruka kuupiga kichwa, na kiwiko cha mchezaji mwingine kikampata mdomoni bila kukusudiwa. Alipoinuka damu ilikuwa ikimtoka, na jino moja la mbele la juu halikuwapo. Tulilitafuta, tukalipata majanini, zima kabisa pamoja na mzizi wake.

Aliyeliokota ni mimi. Nililitazama, nikacheka, nikamwambia, "Bwana, leo umekuwa mtoto tena!" Kisha nikafanya kama tulivyofanya tulipokuwa wadogo na meno yetu ya utoto: nikalirusha juu ya paa la darasa lililokuwa karibu. Wachezaji wa pande zote mbili wakacheka. Hata yeye mwenyewe alicheka, huku ameziba mdomo kwa jezi. Akasukutua kwa maji, akarudi uwanjani, tukashinda kwa bao moja kwa bila. Tuliimba njia nzima mpaka Kasese.

Jino la utoto likitoka, jingine huota mahali pake. Jino la ukubwani likitoka halioti tena. Hilo nilifundishwa darasani katika somo la elimu ya viumbe, na katika mtihani nilijibu vizuri. Lakini pale uwanjani elimu yangu ilikuwa imebaki ndani ya daftari. Leo rafiki yangu yule ni mwalimu wa shule ya msingi. Katika picha zake zote amefunga midomo. Akicheka, mkono huenda kinywani upesi kabla kicheko hakijatoka, na akitamka neno lenye "f" watoto wa darasa la kwanza hukonyezana. Hajanilaumu hata siku moja. Labda ingekuwa afadhali angenilaumu.

Mimi sikujua kwamba nina kosa mpaka nilipofika chuo kikuu. Mwaka wa 2019 nilipangiwa chumba pamoja na kijana aliyekuwa akisomea utabibu wa meno. Usiku mmoja tulikuwa tukila, nami nikamsimulia habari ya jino lile ili tucheke pamoja. Hakucheka. Aliniuliza, "Lilikuwa limevunjika?" Nikasema, "La, lilikuwa zima." Akauliza, "Mlilitia katika maziwa?" Nikadhani ananitania. Akaweka sahani yake chini, akanieleza.

Alisema kwamba jino la ukubwani likingʼoka zima kwa pigo, mara nyingi laweza kurudishwa mahali pake likashika. Kinachohitajika ni haraka. Juu ya mzizi wa jino kuna nyama nyembamba zilizo hai, nazo ndizo zinazoliunganisha jino na taya. Zikikauka zinakufa, na zikiisha kukaa kavu kwa muda wa saa moja, tumaini limebaki dogo sana. Basi mtu alishike jino upande wa kutafunia, asiguse mzizi wala asiusugue. Likiwa na uchafu, alisuuze kidogo tu, kisha alirudishe katika pengo lake papo hapo na mwenye jino aume kitambaa safi. Ikiwa hawezi kulirudisha, alitie katika maziwa, wala asilitie katika maji matupu, kisha waende mbio kwa daktari wa meno. Jino la utoto peke yake ndilo lisilorudishwa.

Nikakumbuka mambo yote. Hatua chache kutoka uwanja ule palikuwa na duka, na katika duka hilo maziwa yalikuwa yakiuzwa. Sisi watu wa Kasese hatuna udhuru wa kukosa maziwa, maana Wasongora wanachunga ngʼombe katika tambarare zetu tangu zamani. Hospitali ya Bwera haikuwa mbali. Jino lilikuwa zima mkononi mwangu. Sisemi kwamba bila shaka lingeshika, lakini nafasi ilikuwapo, na nafasi hiyo niliirusha juu ya paa.

Tangu usiku ule nilianza kuwauliza wenzangu wa bwenini maswali mawili. La kwanza: mazoezi ya viungo yana faida gani? La pili: afya ya kinywa inatunzwaje? Swali la kwanza walilijibu kama maji yanavyoteremka mlimani. Walitaja moyo, mapafu, unene, shinikizo la damu, usingizi mzuri na akili iliyochangamka. Swali la pili nalo walilijibu: mswaki asubuhi na usiku, sukari ipunguzwe, daktari aonwe. Kisha nikauliza la tatu: je, mambo haya mawili yana uhusiano gani? Hapo kimya kilitanda. Hata vijana waliokuwa wakichezea timu ya chuo, wanaoamka alfajiri kukimbia, walinitazama kama mtu aliyeuliza uhusiano wa kiatu na kofia. Mmoja alijibu, "Labda ukikimbia sana mdomo unakauka." Naye alidhani anafanya mzaha, kumbe yeye ndiye aliyekuwa karibu na kweli.

Basi maoni yangu ni haya. Sisi tuliosoma tunajua mambo mawili mbalimbali, lakini hatujui kwamba ni jambo moja. Tumeyaweka mazoezi katika sanduku moja na meno katika sanduku jingine, na ufunguo tumeutupa. Nasi hatukuanza kosa hili chuo kikuu. Tulilichukua kutoka shuleni, pamoja na godoro na ndoo. Kwa hiyo dawa yake ianze shuleni.

Ndugu wasomaji, tazameni kwanza upande mzuri. Mazoezi yanausaidia mdomo. Ugonjwa wa fizi huanzia katika ukoga, yaani ule utando laini wa vijidudu unaoshika shinani mwa meno. Usipoondolewa, fizi huvimba na kutoa damu, na baada ya miaka mfupa unaoshika jino huliwa polepole mpaka jino linalegea. Uvimbe huo una uhusiano na mwili mzima. Ugonjwa wa kisukari huongeza ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya kisukari kiwe kigumu kutulizwa. Mazoezi ya mara kwa mara husaidia kuzuia aina ya kisukari inayowapata zaidi watu wazima, na kupunguza uvimbe wa ndani ya mwili. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba watu wenye desturi ya kufanya mazoezi walikuwa na ugonjwa wa fizi kwa uchache kuliko wasiofanya. Ni kweli kwamba mtu afanyaye mazoezi mara nyingi huwa pia havuti sigara na hujitunza kwa mengine, kwa hiyo hatuwezi kuyapa mazoezi sifa yote. Lakini njia yaelekea upande huo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linawataka vijana wa miaka 5 mpaka 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Tukitii hilo, fizi zetu nazo zitanufaika.

Sasa tazameni upande wa pili, ambao hatuambiwi. Mwanamichezo asiyejihadhari huenda akaharibu meno yake kuliko mtu anayekaa kivulini. Mwaka wa 2012, katika Michezo ya Olimpiki ya London, ndugu yetu Stephen Kiprotich alishinda mbio za marathoni, akailetea Uganda dhahabu ya kwanza ya Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua huko Munich mwaka wa 1972. Sote tunaikumbuka dhahabu ile. Lakini wakati wa michezo ileile madaktari wa meno walikuwa wakifanya uchunguzi wao, nao ulichapishwa mwaka uliofuata. Waliandikisha wanamichezo 302 wa michezo 25, wengi wao kutoka Afrika, Amerika na Ulaya. Miongoni mwa waliochunguzwa, 55 katika kila 100 walikuwa na meno yaliyooza. Arobaini na tano katika kila 100 walikuwa na meno yaliyolika kwa asidi, na 76 katika kila 100 walikuwa na fizi zilizovimba. Kumi na wanane katika kila 100 walisema wazi kwamba vinywa vyao vimewapunguzia uwezo wa mazoezi au wa mashindano. Hawa ni watu wenye miili ya ajabu, waliochaguliwa na mataifa yao! Mwili kama simba, na jino linamuuma.

Sababu zake si za kichawi. Mtu anapokimbia hupumulia mdomo na kutoka jasho, na mate hupungua. Mate si maji ya bure. Ndiyo yanayoosha kinywa, yanayopunguza ukali wa asidi, na yanayorudishia gamba la jino madini yake. Kinywa kikikauka, jino limebaki bila askari. Na wakati huohuo, askari akiwa hayupo, sisi tunafanya nini? Tunakunywa soda. Chupa moja ya soda ya mililita 300 mara nyingi ina sukari ya karibu gramu 30, yaani kiasi cha vijiko saba vya chai au zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka wa 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ikawa bora zaidi isizidi nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Basi chupa moja tu imekwisha kupita kiasi hicho bora. Vijidudu vya kinywani hula sukari hiyo na kutoa asidi. Zaidi ya hayo, soda zenyewe na vinywaji vya kuongeza nguvu vina asidi yake, hata visipokuwa na sukari.

Wengine watajibu, "Sisi tunapiga mswaki kila siku, hayo hayatupati." Nawaomba wasikilize habari nyingine ya Uingereza, iliyochapishwa mwaka wa 2019. Walichunguzwa wanamichezo 352 wa ngazi za juu. Kati ya kila 100, watu 94 walisema wanapiga mswaki angalau mara mbili kwa siku. Hata hivyo karibu nusu ya wote walikuwa na meno yaliyooza yasiyotibiwa, na walio wengi walikuwa na mazoea ya kutumia vinywaji vya wanamichezo vyenye sukari. Maana yake nini? Mswaki ni mlinzi mzuri, lakini hata kipa hodari akipigiwa mipira mia ataokota mingine wavuni. Sharti nasi tupunguze mipira.

Sasa turudi nyumbani. Nani asiyejua desturi zetu? Timu ikishinda, zawadi ni kreti ya soda. Timu ikishindwa, kreti ya soda ni ya kuwapoza moyo. Jua la Kasese ni kali, kiu ni kubwa, na mchezaji humaliza chupa mbili kabla jasho halijakauka. Kisha hutokea shujaa wa kufungua vizibo kwa meno, nasi tunampigia makofi. Nimeona shujaa wa namna hiyo akivunja kipande cha jino mbele ya macho yangu, na makofi hayakukoma. Jioni tunakula, tunakwenda kujisomea, taa zinazimwa, na wengi wanalala bila mswaki, maana mswaki wameuzoea kuwa kitu cha asubuhi. Nao usiku mate hupungua sana, kwa hiyo huo ndio wakati ambapo mabaki ya chakula hufanya kazi yake kwa nafasi. Chuo kikuu mambo huzidi, kwa sababu hakuna kiranja wala kengele. Vijana hushika vinywaji vya kuongeza nguvu usiku wa kusoma kwa mtihani na asubuhi ya mchezo pia.

Nimesikia hoja tatu za kunipinga, nami nitazijibu kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni ya wazee. Wao husema, "Babu zenu hawakuwa na dawa ya meno ya dukani, na meno yao yalikuwa meupe mpaka uzeeni." Ni kweli kwa wengi wao, nami siwadharau hata kidogo. Lakini tuwaangalie vizuri babu zetu hao. Walikula bundu kwa sombe na samaki wa ziwani, na sukari ilikuwa kitu cha nadra. Walisugua meno kwa vijiti vya miti. Neno lenyewe "mswaki" asili yake ni Kiarabu, na ni jina la mti ambao watu wa pwani hutumia vijiti vyake mpaka leo. Tena walipanda na kushuka miteremko ya Rwenzori kila siku na mizigo kichwani, wala hawakuhitaji kuambiwa habari za dakika 60. Mazoezi na usafi wa kinywa vilikuwa maisha yao. Sisi tumeacha kijiti, tumeacha mlima, tumeshika chupa. Anayetaka kuiga meno ya babu na aige maisha ya babu.

Hoja ya pili ni ya fedha. Husemwa kwamba daktari wa meno ni wa mijini na matibabu ni ghali. Ndiyo maana nasema tujikinge. Maji ya kunywa yaliyochemshwa ni rahisi kuliko soda. Mswaki mmoja na dawa ya meno yenye floridi hudumu kwa muda mrefu kuliko fedha za kreti moja. Kikombe cha maziwa ni bei ndogo kuliko jino la kubandika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kinywani ni ghali kuliko ukuta wa matofali.

Hoja ya tatu ni ya walimu wa mitihani, wasemao kwamba vipindi vimejaa na hakuna nafasi ya somo jipya. Siombi somo jipya. Katika mtaala wa shule za sekondari za chini ulioanza nchini Uganda mwaka wa 2020, elimu ya mazoezi ya viungo ni somo la lazima katika vidato vya kwanza na pili. Kiswahili nacho kimewekwa vivyo hivyo. Basi nafasi ipo tayari. Mwalimu wa mazoezi akitumia dakika tano tu kueleza habari za mate, soda na jino lililongʼoka, na mwalimu wa Kiswahili akawapa wanafunzi insha juu ya habari hiyohiyo, kazi imekwisha bila kuongeza hata kengele moja.

Sasa nitasema ninachoshauri, na kila mtu achukue fungu lake.

Ninyi makapteni wa timu, ambao sasa mmekaa mahali nilipokaa mimi, sheria ya kwanza iwe maji. Mchezo ukiisha, mchezaji anywe maji kwanza mpaka kiu iishe. Soda ikiwapo, iwe pamoja na chakula siku ya sikukuu, wala isiwe ya kukata kiu. Baada ya kunywa kitu chenye asidi, sukutueni kwa maji, na mngoje kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu gamba la jino huwa limelainika kwa muda. Sheria ya pili iwe hii: asiwepo mtu wa kufungua chupa kwa meno katika timu yenu. Sheria ya tatu: kila mchezaji ajue la kufanya jino likingʼoka, kama anavyojua maana ya kadi nyekundu. Kabla ya mchezo wa ugenini ulizeni maziwa yanauzwa wapi na daktari wa meno aliye karibu yuko wapi. Hilo ni swali la nusu dakika.

Ninyi viranja wa mabweni, toeni dakika kumi kati ya kujisomea na kuzima taa, ziwe za mswaki. Mwanafunzi ateme povu la dawa, wala asisukutue sana kwa maji, ili floridi ibaki kwenye meno usiku kucha. Na ikiwa damu yamtoka mtu ufizini anapopiga mswaki, asiache mswaki kwa kuogopa. Mara nyingi damu hiyo yaonyesha kwamba pale mswaki haujafika vizuri siku nyingi. Asugue taratibu kila siku, na damu isipokoma akamwone daktari.

Ninyi wapiga ndondi na wachezaji wa raga, vaeni kinga ya meno. Bondia haingii ulingoni bila kinga mdomoni, wala hakuna anayemwita mwoga.

Ninyi walimu wetu, tunawaheshimu na kuwashukuru. Tunaomba sanduku la huduma ya kwanza liwe na karatasi moja yenye maagizo ya jino lililongʼoka, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zinazosomwa shuleni. Karatasi haina gharama.

Na ninyi wenzangu wanafunzi wa zamani, hasa mlioko vyuo vikuu, nasema nanyi kwa uchungu kidogo. Tukirudi likizo tunapenda kuwatembelea wadogo zetu, kusimulia habari za chuo, na kuwanunulia soda. Tufanye jingine. Aliyesomea utabibu aje uwanjani aseme kwa nusu saa, wakati wachezaji wamekaa majanini wanapumzika. Aliye na kazi yenye mshahara anunue miswaki ya timu badala ya kreti. Elimu ya chuo kikuu isiyomfikia mtoto wa Bwera au wa Kilembe ni kama taa iliyofunikwa kwa chungu.

Nimekwisha. Krismasi iliyopita nilikwenda kumwona rafiki yangu yule mwalimu. Nilimweleza kila kitu nilichojifunza juu ya maziwa na saa moja ile, na nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kapteni, hukujua. Lakini sasa unajua. Je, wale wanaocheza leo wanajua?" Sikuwa na jibu. Yeye ndiye aliyenituma niandike habari hii, na amenipa ruhusa ya kulisimulia pengo lake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Jumamosi ijayo mtakaposhuka uwanjani, mtazame kila mwenzako mdomoni kabla ya filimbi. Meno yote aliyo nayo ndiyo yale yale atakayozeeka nayo. Yakiangushwa na bahati mbaya, yasiangushwe mara ya pili na ujinga wetu.

Wasalaam,

Mwanafunzi wa zamani, Bwera